Saa Tatu Kasorobo

Ukiniambia Nairobi mpaka Mombasa kwa ndege ni dakika arobaini na tano, nitakuuliza maswali manne kabla sijakumiminia chai. Dakika zako umeanza kuzihesabu wapi, mlango ukifungwa ama magurudumu yakiacha lami? Ni ndege gani? Upepo ulikuwa unatoka wapi? Na la nne ndilo kubwa: nani amekwambia?

Ninyi vijana wa hapa Kitengela mnaniita Shosh wa Ndege, yaani nyanya, na najua mkitoka kwangu mnanicheka mpaka kwa geti. Chekeni tu. Nilikuwa dispacha pale uwanja wa ndege wa Wilson miaka mingi kuliko umri wenu. Dispacha ni yule mtu anayekaa chini, kwa meza, akipima: umbali ni huu, upepo ni huu, mzigo ni huu, basi beba mafuta haya, na ukitoka saa hii utafika saa ile. Ndege ikifika vizuri hakuna anayekujua. Ikichelewa, hata mfagizi wa uwanja anakutaja kwa jina la baba yako.

Wawili wenu wanataka kusomea hii kazi, ndiyo mkaniomba niwaandikie ninayoyakumbuka. Nimekubali. Lakini nawaambia mapema, ndani yake iko habari ya mtu aliyeacha kurusha ndege kwa sababu ya neno moja nililoandika kwa kitabu. Mkishamaliza kusoma mtaamua kama mtarudi kunywa chai yangu.

Nianze na Mzee Oduor, kwa maana yeye ndiye aliyenifundisha kushuku. Niliingia hiyo kampuni nikiwa msichana wa Limuru, napiga taipu, na jina la kampuni nitalimeza, ilishafungwa. Ilikuwa ndogo: ndege tatu, mbili zinazoruka na moja ya kukopesha vipuri. Mzee Oduor alikuwa dispacha mkuu. Siku ya kwanza alinipa kamba nyembamba na pini mbili, akanielekeza kwa ramani ya ukutani, akasema nipime Nairobi na Mombasa. Nikanyoosha, nikapima, nikamwambia kilomita mia nne na arobaini hivi.

“Huo ni umbali wa nani?” akaniuliza.

“Wa Mombasa, mzee.”

“Wa kamba,” akasema. “Hiyo ndege yetu umewahi kuiona ikitembea kwa kamba?”

Akanieleza polepole, huku akipepeta karanga kwa kiganja. Ndege inaondoka ikiangalia upande ambao upepo unataka, siyo upande wa Mombasa. Halafu inageuka. Halafu inakatazwa kupita mahali fulani. Ikifika huko inaambiwa ingoje foleni, ama izunguke itue kutoka upande wa bahari. Kwa hivyo umbali wa kamba upo, ni wa kweli, lakini hakuna mtu hata mmoja ambaye amewahi kuusafiri. Na muda ni hivyo hivyo. Kwenda na kurudi ni miji ile ile miwili, lakini dakika hazilingani, kwa sababu ukienda upepo unakupiga kifuani na ukirudi unakusukuma mgongoni.

“Shuku kila nambari,” akaniambia, “mpaka ikueleze imezaliwa wapi.”

Wajukuu wangu, hiyo sentensi niliimeza yote. Kasoro ni kwamba sikuitafuna.

Mtasema mtu aliyefunzwa hivyo hawezi kudanganywa. Haya, nendeni Kisaju mkaangalie ploti yangu. Nilipokaribia kustaafu, kijana mmoja aliyevaa tai alinionyesha karatasi ya rangi imeandikwa “dakika tano kutoka barabara ya Namanga.” Mimi, niliyepima dakika za ndege maisha yangu yote, nikasoma dakika tano nikafurahi. Sikumwuliza dakika tano za nini. Za pikipiki? Za swara? Nilipoenda kuweka mawe ya msingi nilitembea dakika hamsini na tano, na hiyo ni wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua ule udongo mweusi unashika kiatu, unabaki nacho. Nilimpigia yule kijana simu. Akaniambia, “Mathe, tulipima kwa helikopta.” Nilitaka kukasirika lakini nikacheka, kwa sababu hilo jibu angelipenda Mzee Oduor.

Basi sasa niwaambie habari yenyewe.

Kila asubuhi tulikuwa na ndege ndogo ya mizigo ya kwenda Mombasa. Ilibeba vipuri, dawa, na masanduku ya vifaranga wa siku moja ambao walilia kutoka ofisini mpaka mawinguni. Rubani alikuwa mmoja, peke yake, Kapteni Sankale, mtu wa huku Kajiado. Mrefu, mpole, haongei sana. Watu wa Wilson walikuwa wanapiga kelele kama watu wa mnada, yeye anasimama kando akisubiri wapate nafasi ya kusikia. Alikuwa akiondoka saa mbili kasoro dakika kumi na tano, na safari yake ilikuwa saa moja hivi.

Kazi yangu mwaka huo wa pili ilikuwa kitabu. Safu moja, saa ya kuondoka. Safu ya pili, saa ya kufika. Safu ya tatu, toa moja kwa nyingine. Saa ya kuondoka niliiona kwa macho. Saa ya kufika nililetewa kwa simu na mtu wetu wa Mombasa, na simu za wakati huo mlikuwa hamjazaliwa kuziona. Laini ilipatikana ikitaka. Mara nyingi ilikuwa saa nne na kitu, vifaranga wameshachukuliwa, ndipo sauti inakuja kutoka mbali ikikwaruza.

Siku nyingi aliyepiga alikuwa kijana aliyesoma, anasema kwa Kiingereza, nambari moja moja. Mwezi huo kijana alikuwa na masomo kila Jumanne, kwa hivyo siku hiyo alipiga mzee mmoja wa pale pale pwani, Bwana Athumani, na yeye Kiswahili chake kilikuwa kinakimbia kama maji ya mfereji.

Jumanne ya kwanza nikaandika: amefika saa tatu na robo. Nikatoa. Saa moja na nusu. Nikashangaa, lakini nikasema labda upepo. Jumanne ya pili, saa tatu na robo. Jumanne ya tatu, saa tatu na robo. Siku zingine zote za wiki, saa moja. Jumanne peke yake, nusu saa inapotea hewani.

Nikaenda nikachukua kitabu cha Kapteni mwenyewe. Kwa mkono wake, Jumanne zote tatu, ameandika amefika dakika kumi na tano kabla ya saa tatu. Yaani mzee wa Mombasa anasema hivi, na rubani anaandika vile, na katikati yao kuna nusu saa nzima.

Nikwambieni kweli, nilifurahi. Mwizi nimempata. Wakati huo kulikuwa na uvumi mwingi wa ndege zinazotua kwa mashamba makubwa huko chini, kuchukua nyama ya wanyama ama mawe ya thamani, mtu haulizi. Na huyu ni mtu wa Kajiado, anajua kila uwanda. Akili yangu ikamaliza kazi yote: anatua mahali dakika thelathini, anapakia, anaendelea, anadanganya kwa kitabu. Hata ule upole wake niliuona sasa kwa jicho lingine. Nilisema, ndiyo maana haongei.

Mzee Oduor alikuwa likizo kwao Siaya. Sikumngoja. Nilinakili saa za vitabu vyote viwili, nikapeleka karatasi mbili kwa mkubwa wa kampuni.

Nilikuwa ndani ya hiyo ofisi Kapteni alipoitwa, kwa sababu mimi ndiye niliyebeba faili. Mkubwa akaziweka karatasi mbili mezani. Kapteni akaangalia moja, akaangalia ya pili, akarudi kwa ya kwanza.

“Hizi saa zimetoka wapi?” akauliza.

“Mombasa,” mkubwa akasema. Hakunitaja.

“Jumanne zote tatu?”

“Zote.”

Nilitegea akane, ama apige meza. Hakufanya kitu. Aliweka karatasi chini kwa mikono miwili, akasema “sawa,” akatoka. Baada ya siku mbili barua ya kuacha kazi ikaja. Mkubwa hakutaka maneno na polisi, akafunga faili. Mimi nikasema moyoni, asiye na hatia hatoroki.

Sasa angalieni, ninyi mnaotaka kusomea. Kulikuwa na mnara wa kuongoza ndege wa Mombasa, na wao wako na saa zao wanaandika kila ndege inayotua. Simu moja tu. Kulikuwa na mafuta: nusu saa ya ziada hewani ingeonekana kwa tangi. Mimi nilikuwa na kamba, ramani, mafuta na mnara, na sikuuliza hata kimoja, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua jibu. Kushuku ni kuuliza. Mimi sikushuku, mimi nilihukumu.

Miezi minne ikapita; kijana wa Mombasa alikuwa ameshamaliza masomo, na Jumanne alipiga yeye tena. Siku moja naingia ofisini, nakuta mzee wa kanzu amekaa kwa benchi, kikombe mkononi. Ni Bwana Athumani, amekuja Nairobi kumwona daktari wa macho. Tukasalimiana, tukacheka kwamba tunajuana kwa sauti tu. Nikamwuliza amefika saa ngapi hapa ofisini.

“Saa tatu 'srobo,” akasema.

Nikaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kamili.

Nikamwambia, “Bwana Athumani, saa tatu na robo haijafika bado.”

Akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. “Mwanangu, nimesema kasorobo. Ka-so-ro-bo. Robo kabla.”

Kasorobo tulifundishwa shule, siwezi kusingizia mwalimu. Lakini Limuru nani alikuwa akisema kasorobo? Sisi tulisema kasoro dakika kumi na tano, neno refu unaweza kulishika. Yule mzee alilikunja lote likawa mkia tu, laini ya simu ikala nusu ya huo mkia, sikio langu la Limuru likapokea “robo,” nami nikaongeza “na” kutoka kwa kichwa changu. Robo kabla na robo baada, jumla nusu saa. Hilo ndilo shamba lote ambalo Kapteni Sankale alikuwa akitua.



Na mnajua nilichofanya? Sikumwambia mtu. Nilikuwa namlipia mdogo wangu shule, niliogopa kazi. Nilichofanya, nilitunga sheria. Nikasema kuanzia leo kila saa inayoletwa kwa simu itatajwa nambari moja moja, na anayepokea atairudia, na aliyeleta atasema ndiyo. Sheria nzuri, mpaka nastaafu walikuwa wakiitumia. Mkubwa alinisifu mbele ya wote. Mzee Oduor alipoingia zamu akaisoma ukutani, akaniuliza, “Na hii nayo imezaliwa wapi?” Nikasema nimeifikiria tu. Hakuniuliza tena, na mpaka anazikwa sikumjibu.

Miaka thelathini na kitu imepita. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa Kajiado, kwa benchi la ofisi ya ardhi, nafuata hati ya ile ploti ya helikopta. Mzee mrefu akasimama mbele yangu, shuka begani, fimbo mkononi.

“Takwenya,” akanisalimia kwa Kimaasai.

“Iko,” nikajibu, vile tunavyojibu huku hata sisi tuliokuja juzi.

“Wewe si Wanjiru wa Wilson?”

Alikuwa Kapteni Sankale, na alikuwa anatabasamu. Nikashuku hilo tabasamu. Akasema twende nyumbani tunywe chai, ni hapa tu, na akaelekeza kwa midomo. Nikashuku hiyo chai. Nilisema leo ndiyo siku yangu, huyu amejua, amenitafuta mpaka amenipata.

Nje kulikuwa na pikapu. Mkewe, Mama Semeyian, ndiye aliyeshika usukani. Yeye Kapteni akapanda upande wa abiria, akafunga mkanda. Nikamtania nikasema rubani mzima anaendeshwa? Akasema, “Mimi siendeshi.” Mama Semeyian akanitazama kwa kioo, akabadilisha gia.

Kwao ni pazuri, mbuzi wengi, mabati yanameta. Tukakaa nje barazani. Aliniuliza habari za Wilson, nani yuko, nani alikufa. Kila baada ya muda angenyamaza, anaangalia mbuzi, na mkewe anamgusa bega. Anamgusa kidogo tu, naye anageuka anasema “niko,” mazungumzo yanaendelea. Nikahesabu mara tano. Nikasema huyu mama anampa ishara, wamepanga maneno, anamwambia bado, usimwambie sasa. Nilikunywa chai haraka nikaomba kwenda zangu.

Halafu ninyi mkaja na maombi yenu ya kuandikiwa. Nikakaa na kalamu wiki mbili. Kila nikianza naona ninawafundisha sheria ya kurudia saa, na ile sheria ni ya wizi. Nikasema sitawaandikia ninyi kabla sijamwambia yeye.

Jumamosi iliyopita nilienda. Walikuwa wawili tu pale barazani. Sikungoja chai. Nilimwambia yote, kutoka kwa laini ya simu mpaka saa ya ukutani. Nilimwambia, “Kapteni, haukuiba na haukutua mahali. Ni mimi. Ni sikio langu. Nisamehe.”

“Kuiba?” akasema.

“Nilifikiria unatua kwa mashamba.”

Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayetafsiri. “Mimi sikujua walifikiria kuiba,” akasema. “Mimi nilifikiria nalala.”

Sikuelewa. Akanieleza bila kuniangalia. Mwaka ule mtoto wao Semeyian alikuwa na miezi miwili, usiku hakuna aliyepata usingizi. Na kabla ya hizo Jumanne, siku moja juu ya Mtito Andei, kichwa chake kilianguka mbele. Sekunde mbili, pengine tatu. Vifaranga wakamwamsha. Hakumwambia mtu.

“Basi hizo karatasi zilipowekwa mezani,” akasema, “nikajua Mungu amenifichua. Nikasema, kumbe siyo sekunde mbili. Kumbe nalala nusu saa nzima nikizunguka huko juu na sijui.”

“Lakini mafuta, Kapteni. Ungeangalia mafuta.”

“Mtu akishaogopa haangalii mafuta, Wanjiru. Hata saa yake mwenyewe haiamini.”

Akasema mtu anayepoteza nusu saa bila kujua hawezi kubeba watu, hata kwa gari, hata watoto wake mwenyewe. Ndiyo maana haendeshi. Aliwaambia wakubwa wa ukoo kwamba amechoka na mji. Mke wake peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli, na huo ukweli ulikuwa ni mimi niliyeutunga.

Nilimwangalia Mama Semeyian. Hakuwa analia. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake.

“Sema tena lile neno,” akaniambia.

“Kasorobo.”

“Hilo tu?”

“Hilo tu, mama.”

Akalirudia kwa mdomo wake mara mbili, polepole, kama mtu anayeonja dawa. Kisha akasema, “Miaka yote hii sijawahi kulala kabla yake.”

Sikuomba msamaha mara ya pili, maana ningekuwa najiombea mimi. Kapteni akageuka akaangalia mbuzi wake, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukarefuka. Nikaona mkono wa Mama Semeyian ukiinuka kwenda begani kwake, vile umezoea kumwamsha. Ukafika katikati ukasimama. Akautazama huo mkono wake mwenyewe, akaurudisha mapajani, akauacha hapo.